Moshi Uliofika Himbi

Muzee mwenye garaji hapa kwetu Majengo aliniahidi hivi: nikiifufua pikipiki yake kuukuu ya milimani, ile yenye injini ya deux temps, nikaiendesha hadi mtaa wa Himbi na kurudi bila kuisukuma, atanifundisha umekanika. Shule niliiacha nikiwa bado naipenda, kwa hiyo nilitaka sana kufaulu kitu.

Kwa miezi miwili nilisugua kutu na kusafisha kabureta kwa mswaki. Injini ile hutaka petroli ichanganywe na oili kidogo. Mimi, kwa kuogopa isikwame, nikatia oili mara mbili. Jumamosi ikawaka. Moshi mweupe ulifunika avenyu nzima, na mama muuza samaki wadogo wa sambaza akatazama kwanza mlimani, kwenye volkano, kisha akaanza kufunga mizigo yake.

Nilikwenda, nikarudi. Muzee akatikisa kichwa.

"Umezunguka tu nyuma ya kanisa. Mimi sikuona kitu."

"Muzee, hata mimi nikigeuka sikuona kitu, lakini nimefika."

"Nani amekuona?"

Nilikuwa karibu kulia pale mama mmoja aliposhuka kwenye pikipiki ya abiria, ameshika shuka.

"Papa, ni mutoto wako amepita na ile wingu? Nusa hii drap yangu. Ilikuwa kwa kamba, inakauka."

"Pole, mama. Unaishi wapi?"

"Himbi."

Muzee akainusa shuka polepole, akaridhika.

"Lundi asubuhi uje na salopeti ya kazi," akaniambia.

Wengine hupewa diploma yenye mhuri. Yangu ilikuwa shuka, na nililazimika kuifua mara tatu.