Mwamini na Vitabu vya Mwali

Asubuhi ile Mwamini aliamka kabla yangu, akafagia uwanja, akabandika maji ya uji. Mimi nilikuwa nasuka kamba ya mtego. Nguruwe mwitu walikuwa wanatumalizia muhogo. Yeye alikaa mlangoni akipima unga kwa kibaba, na huku anauliza maswali kupitia ukuta.

"Vibaba vinne ni nini?"

"Pishi," sauti ya Tatu ikajibu kutoka ndani.

"Mzazi apikiwe unga nusu kibaba asubuhi, nusu kibaba jioni. Pishi itamfikisha siku ngapi?"

"Nne."

"Na akijiwa na mgeni?"

"Mgeni gani, mama?"

"Mjomba wako."

"Haifiki jioni."

Tukacheka watatu, wawili nje na mmoja ndani. Tatu alikuwa mwali, mwezi wa saba katika chumba cha ndani. Kwetu Marui msichana akivunja ungo huwekwa ndani mpaka siku ya kuchezwa. Wanaume hatumwoni. Hata mimi baba yake nilikuwa namsikia tu.

Kisha Mwamini akaja akasimama mbele yangu. "Baba Tatu, hujaiona karatasi moja ya kitabu? Ilinyofoka, haionekani."

"Labda mchwa," nikasema.

"Mchwa wale karatasi waache kitanda?"

"Sijui wanavyochagua."

Akanitazama kidogo. Akacheka tena, akarudi kwenye uji. Nilikunywa, nikachukua panga na kamba, nikaenda shamba. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama watu.

Mwamini hakuwa mtu wa Marui. Alizaliwa Mbwawa, upande wa Kibaha. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimepinda. Alivunjwa na kaka yake Pazi, kwa mchi wa kinu, alipokuwa na miaka kumi. Kosa lake ni kwamba alikuwa anakwenda kukaa nyuma ya nyumba ya mwalimu wa dini, kusikiliza watoto wa Kikristo wakisoma. Pazi alimvuta mpaka kwenye kinu, akamwuliza, "Wa kuandikia ni upi?" Mwamini akatoa wa kushoto. Pazi akapiga mara mbili. Mwamini alikuwa anaandika kwa mkono wa kulia.

Alinieleza hayo siku ya tatu ya ndoa. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Kabla ya Tatu tulizika wawili. Wa kwanza alihangaika kutoka siku tatu. Wanawake walimlaza Mwamini chali, wakamkanyaga tumbo kwa miguu. Nilikuwa nje, nasikia. Mtoto alitoka shingo imevunjika. Wa pili walimvuta. Sitasema zaidi. Tatu alikuja mwenyewe, usiku wa mvua, hakuna mtu aliyewahi kufika. Ndiyo maana alipona.

Tangu hapo Mwamini alikuwa na neno moja. Mtoto huyu awe mkunga.

Alikwenda kwa miguu mpaka dispensari, Kisarawe, akaonana na bibi mkunga. Mwanamke mnene, mkali. Bibi yule akamwambia, "Nitampokea msichana anayeweza kusoma maandishi ya chupa, anayejua hesabu za dawa, na anayejua tumbo la mama lilivyo kwa ndani. Asiyejua hayo ataniulia watu. Akitoka uwalini mlete. Nitamwuliza mwenyewe."

Shule ya kijiji ilikuwa ya wavulana. Basi ile miezi ya ndani ndiyo ikawa shule ya Tatu. Mwaka ulikuwa arobaini na nane.

Lakini mwali ana mjomba, na kwetu mjomba ana kauli kuliko baba. Pazi alikuwa ameshasema mpwa wake ataolewa na rafiki yake, Zahoro wa Kibaha. Zahoro alikuwa amemvunja taya mke wake wa kwanza. Nilipomwambia Pazi hilo alijibu, "Shemeji, taya huunga."

Mwamini alikwenda misheni kutafuta vitabu, nami nikamsindikiza. Alimjua pale Wilhelmina, mke wa mwalimu wa dini. Wilhelmina akafungua sanduku la vitabu vya zamani. Akasema achague, lakini visizidi viwili, maana sanduku si lake peke yake. Mwamini alikaa chini kutwa nzima. Alivishika kimoja kimoja, akisoma pole pole kwa kidole kilichopinda.

"Dada Wilhelmina, hiki cha nini?"

"Historia. Wafalme wa Ulaya."

"Wako hai?"

"Wamekufa karibu wote."

"Basi wapumzike." Akakiweka pembeni. "Na hiki?"

"Jiografia. Nchi za barafu."

"Tatu hatazalisha mtu kwenye barafu. Na hiki?"

"Hesabu. Hicho kizuri. Kina maswali mia tatu."

Hicho alikishika muda mrefu. Niliona anakitamani. Kisha akakirudisha. "Hesabu nina kibaba, nina pishi, nina korosho za kuhesabia. Nitazikuta humo humo jikoni." Akachukua cha kusomea, kisichokuwa na jalada, kwa sababu herufi zake zilikuwa kubwa na chumba cha mwali kina giza. Cha pili alichukua kitabu cha wakunga, chenye michoro.

Wilhelmina akashusha sauti. "Mwamini, hicho wanaume wakikiona..."

"Herufi nitamchorea kwenye jivu," Mwamini akasema. "Tumbo la mtu siwezi kulichora kwenye jivu."

Ndivyo alivyofanya. Alitandaza jivu kwenye ungo, Tatu akaandika kwa kijiti. Akija mwanamke wa kuangalia mwali, ungo unatikiswa mara moja, maandishi hakuna. Kuna jioni dada zangu walikaa mbele ya ungo ule wakichambua mchele wao, hawakujua wamekaa mbele ya somo. Mimi nilikuwa nje ya ukuta nasuka kamba. Herufi zangu nilizipata hapo, kwa masikio kwanza, baadaye kwa mkono.

Fisi alipomrarua mbuzi wetu mwenye mimba, nilitaka kumfukia. Mwamini akanizuia. Akachukua kisu, akampasua pale pale uwanjani, damu imemfika kwenye viwiko. Akatoa mfuko wa uzazi mzima na vitoto viwili ndani, vimekufa, akauingiza chumbani kwenye beseni. Nilimsikia anasema, "Shika. Usiogope. Linganisha na kitabu. Huu hapa mlango. Wakikanyaga kwa juu, nini kinapasuka?"

"Hapa," Tatu akajibu.

"Sema jina lake."

Akalisema. Mwamini alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Sasa niseme la karatasi.

Ijumaa moja Pazi alikuja kututembelea. Alikula, akasifu shamba, akaulizia siku ya kumtoa mwali. Alipotaka kuondoka akaomba ugoro. Ugoro wangu ulikuwa unajulikana, nilikuwa natia magadi kwa kipimo changu. Nikatafuta cha kufungia. Majani ya mgomba yalikuwa yamekauka. Chini ya ukuta nikaona karatasi moja imelala. Ilikuwa na mchoro kama kibuyu. Nikaona ni karatasi tu yenye kibuyu. Nikafungia ugoro, nikampa. Akaniambia, "Shemeji, mkono wako mzuri." Akaenda zake.

Ugoro ulimwishia Kibaha. Alipoikunjua karatasi akampa karani wa duka amsomee, akidhani ni habari za serikali. Karani akasoma kwa sauti, barazani, mbele ya watu. Neno kwa neno, mlango wa uzazi na kila kitu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakamwuliza Pazi kama sasa yeye ndiye kungwi.

Alirudi Marui siku ile ile niliyoanza nayo, baada ya adhuhuri, na vijana wake wawili. Mimi nilikuwa kwenye mitego. Yaliyosemwa nimeambiwa na Tatu, aliyekuwa ndani anasikia.

Pazi hakubisha hodi. "Hili ni nini?"

"Karatasi, kaka. Shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako! Hili ni nini?"

"Ni tumbo."

"Tumbo la nani?"

"La mama yako," Mwamini akasema. "Na mama yangu. Tulilala humo sote, wewe ulitangulia."

Akampiga kofi. Tatu alisikia mama yake anaanguka juu ya masufuria, kisha anainuka.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kiko ndani. Na ndani kuna mwali. Mwanamume haingii. Au mila ni za Ijumaa tu?"

Pazi alikuwa ameshika mpini wa jembe. Akampiga nao mbavuni. Vijana wake wakataka kuingia, Mwamini akajitanda mlangoni, mikono huku na huku. Wakampiga mikononi. Hakuachia. Mkono wa kulia ukavunjika, Tatu alisikia ulivyolia. Akabaki ameshika kwa ule wa kushoto, wa vidole vilivyopinda.

"Basi kama hatuingii, atoke yeye," Pazi akasema. Akachukua kinga cha moto jikoni, akakichomeka kwenye makuti.

Nilikuwa mbali nilipoona moshi. Nilijua ni kwangu. Nilikimbia nikaangukia mtego wangu mwenyewe, kamba ikanikata mguu, nikaikata kwa panga nikaendelea.

Nilipotokeza uwanjani paa lote lilikuwa linawaka. Tatu akatoka. Mwali, hajachezwa, hajafunikwa, kichwa wazi, mbele ya wanaume. Kaniki yake ilikuwa inawaka pindoni. Kitabu amekikumbatia kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kwa miezi saba. Alikuwa mrefu kama mama yake.

Pazi akainua mpini kumpiga. Mwamini akaingia katikati. Pigo likamwangukia kichwani. Nilisikia sauti yake. Naisikia mpaka leo nikipasua nazi, ndiyo maana sipasui.

Panga langu liliingia begani kwa Pazi mpaka likagota mfupa. Akapiga magoti. Wale vijana wakakimbia, mmoja akaacha kanzu yake. Nikachomoa panga. Nikamkanyaga Pazi mgongoni, nikainua mkono tena, safari hii shingoni. Ningemaliza. Nilitaka kumaliza.

"Baba! Njoo ushike hapa!"

Tatu alikuwa amepiga magoti kwa mama yake. Damu ilikuwa inaruka. "Baba, acha hilo! Nahitaji mkono wako hapa, kandamiza, usiachie!"

Nikatupa panga. Nikaenda nikashika. Alinionyesha mahali, akanifundisha kukandamiza, akachana kaniki yake akafunga. Sauti yake haikutetemeka. Pazi alijikokota mpaka kwenye miguu ya watu waliokuja na maji. Askari wa jumbe walimchukua. Alifungwa, akafia kifungoni. Sikuuliza kwa ugonjwa gani.

Tulimlaza Mwamini kwa jirani, Mboni. Siku ya pili bibi mkunga, aliyepelekewa habari, akafika kutoka Kisarawe. Akafungua kitambaa kichwani, akatazama mkono ulivyofungwa kwa vijiti. "Nani aliyefunga huu?"

"Mimi," Tatu akasema.

Akamtazama juu mpaka chini. Mtoto wa watu, nguo ya kuazima, nyusi zimeungua. "Nilisema nitamwuliza," akamwambia Mwamini. "Nimeshamwuliza. Mleteni." Kisha akanivuta nje, akaniambia kichwa kimepasuka kwa ndani, nisitegemee kitu.

Mwamini alikufa siku ya nne, alfajiri. Siku ya saba nilimpeleka Tatu. Tulitembea pamoja, kitabu kwenye kifurushi chake, kimepungua karatasi moja. Njiani akasema, "Baba, mimi ndiye niliyeidondosha. Nilipotoka kuoga. Mama amekufa kwa uzembe wangu."

Nikamwambia, "Labda mchwa waliisukuma nje." Nikatembea mbele ili asinione uso.

Tatu ni mkunga wa miaka mingi sasa. Amezalisha Marui, amezalisha Kibaha, amezalisha mpaka mkwe wa yule karani. Kila anapoosha mikono huwa anatazama chini muda mrefu kuliko inavyohitajika, nami najua anatazama nini. Mimi sina siku nyingi. Nimeandika haya kwa mkono wangu, naye atayasoma mwenyewe.

Mwamini aliniita jioni ya siku ya tatu, kabla hajafa. Tatu alikuwa nje anachemsha maji. Mwamini alisema hivi, sijaongeza, sijapunguza:

"Mtoto anadhani ni yeye. Karatasi ilinuka ugoro wako, baba Tatu. Mimi sina hasira. Lakini kwake usiseme mchwa."