Koti la Kwendea Mvumi

Nilipokuwa mdogo kule Zuzu kulikuwa na Mhindi mwenye duka, tulimwita Bwana Kasamu, na baba yangu alichukua kwake blanketi la mkopo, msimu uliofuata karanga zikaungua na jua, basi kila tulipokutana naye stesheni, katikati ya watu, baba aliingiza shingo mabegani, lakini yule Mhindi alisalimia, akauliza habari za mvua, akapita. Deni lilikaa kwenye daftari chini ya kaunta. Baba alipolipa, baada ya misimu miwili, tukapewa na sukari guru juu yake (ile ya kahawia, siku hizi siioni). Namtaja Bwana Kasamu kwa sababu aibu yangu mimi haikukaa chini ya kaunta, na hata mke wangu hajaisikia yote kwa mdomo wangu.

Mpwa wangu Yona, mtoto wa dada, alipata mchumba Mvumi, na kwetu Wagogo mjomba ana kauli kwenye mahari, ikasemwa nitaongea mimi. Mwaka wenyewe pesa ilikuwa imepotea, alizeti haina mnunuzi, mimi nalinda geti Area D na mshahara unakuja ukipenda. Shati langu lilikuwa limekwisha kola. Na mimi ndiye niliyekuwa nawasema vijana kila siku, kwamba hizo kampuni za kukopesha kwenye simu hazina mlango, huwezi kupiga hodi ukaomba wiki moja, na anayekupa pesa bila kuuliza wewe ni mtoto wa nani ana lake jambo. Nikakopa. Elfu sitini, nikanunua koti la mtumba, la kijivu. Simu (ya tachi, aliniachia binti yangu) ikauliza mambo mengi, na mimi niliishia darasa la tatu, nikawa nabonyeza kukubali, kukubali, kukubali, kama mtu anayeitikia sala asiyoijua.

Siku ya kulipa ikapita. Wakapiga, sikupokea. Nilijiambia wataona ni mzee, watangoja mavuno.

Mvumi tulikaa uani kwa Mzee Ndahani, baba wa binti. Walitaka ng'ombe kumi na wawili, Yona alikuwa nao wanane, nikaomba wanne wabaki, na hilo si geni, mahari huwa haimalizwi siku moja, hao wanaobaki ndio wanaofanya watu waendelee kutembeleana. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Kwetu sisi neno likitoka limetoka," nikasema. "Hao wanne wahesabu kama wako zizini kwako."

Simu ya Mzee Ndahani ikalia. Kisha ya dada yangu, kisha ya Yona. Mzee haoni bila miwani, akampa binti yake mkubwa amsomee, naye kwa utii akasoma kwa sauti: "Mwambie Lazaro Mgoli alipe deni lake leo. Ni mdaiwa sugu. Wewe ni mtu wake wa karibu."

Namba ya Mzee Ndahani nilikuwa nimeiweka kwenye simu wiki ileile. Kumbe katika kule kubonyeza nilikubali kampuni isome majina yote ya simuni.

Huko jikoni mwanamke mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mzee Ndahani akanitazama kuanzia kola.

"Mzee mwenzangu, deni lenyewe ni hilo koti?"

"Ndilo."

"Basi ng'ombe waje wote kumi na wawili kwa pamoja. Mahari ya kubakiza tutawakubalia wengine."

Yona alikuwa anatazama viatu vyangu. (Baadaye aliuza pikipiki yake, iliyokuwa inamlisha, ili wale wanne wapatikane.) Nikasema natoka kidogo niangalie mbuzi, na hatukuja na mbuzi. Nikavua koti, nikalitundika kwenye kiti, nikatembea mpaka barabarani. Harusi ilifanyika kulekule, nasikia chakula kilitosha. Siku hizi macho yangu yana ukungu, na binti yangu hachoki kunibembeleza anipeleke hospitali ya Mvumi, wakanitazame. Mimi namwambia naona vizuri tu.