Mbegu ya Ulezi Katikati ya Kiwanja

Jirani yangu alikula parsele yangu, ardhi ya nyumba yangu, wakati mimi nalala chini ya bashi, turubai la wakimbizi, kambini. Sikumsamehe, na sitajifanya hapa kwamba nilimsamehe.

Tuliporudi mtaani kwetu Majengo baada ya vita, nyumba ya mbao ilikuwa imechomwa. Kilichobaki ni jiko la nje, mafiga matatu tu. Ukuta wa mawe ya volkano, ambao marehemu mume wangu aliupanga kwa mikono yake, jirani alikuwa ameuvunja akaujenga upya hatua chache kutoka mafiga. Upande wake sasa kulikuwa na kuku, choo na migomba. Upande wangu, hata mahali pa kuanika nguo hapakutosha.

Nilimuuliza mbele ya watu. Akacheka.

"Mama, tulikuta hapa tupu. Upepo tu. Wewe uko na mafiga yako, pika!"

Watu walicheka naye. Wale waliocheka nawakumbuka wote.

Nilimpeleka kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, nikamwonyesha ukuta wa zamani ulipopita. Jirani akaonyesha kwingine. Mawe ni mawe, hayasemi. Miaka ikapita hivyo, na kila asubuhi nikiwasha moto nilisikia kuku wake wakiwika kwenye udongo wangu.

Siku moja nilikuwa nachagua maharagi. Mjukuu wangu, binti anayesoma shule ya sekondari, akachukua punje moja, akaiweka chini mbele yangu.

"Koko, kila kitu kimejengwa na atomu. Na katikati ya atomu mupo kiini. Kidogo sana! Tuseme haragi hii ni kiini…" Akasita, akairudisha ndani ya sahani. "Hapana, haragi ni kubwa. Kwa haragi, kutoka mwisho mumoja wa atomu mupaka mwingine mutu angetembea karibu kilometre muzima. Leta ulezi."

Nikampa mbegu moja ya ulezi. Akaibandika kwenye kidole.

"Hiyi, uiweke katikati ya kiwanja cha mupira. Kiwanja chote, toka goli mupaka goli, ndiyo atomu."

"Na pale kati ya mbegu na goli muko nini?"

"Bure, hamuna kitu. Elektroni zinazunguka tu, hazina uzito wa maana. Uzito karibu wote uko kwa mbegu."

"Kwa hiyo hapo ni tupu."

"Ni tupu, Koko, lakini ni ya atomu. Kiini ndicho kinazishika zile za pembeni, zisikimbie."

Nikaacha kuchagua. Nikaangalia mafiga yangu. Miaka yote nilikuwa nagombania ukingo, na ukingo ndio mwizi anaousogeza. Katikati hakuwahi kupagusa. Alipaona padogo.

Ndipo nikamkumbuka mzee aliyetuuzia parsele. Kwao Rutshuru, mtu hakuanza kupima kwenye pembe. Alitega mafiga kwanza, akawasha moto, halafu akavuta kamba ya ng'ombe kutoka motoni kwenda kila upande. Kamba ilipoishia, alifukia makaa ya moto ule ule. Kwa sababu makaa hayaozi. Na parsele yetu aliipima hivyo hivyo, kutoka mafiga haya haya.

Mzee alikuwa bado hai, anakaa kwenye mji unaoitwa Kiwanja. Nikamtuma mjukuu amlete. Alishuka kwenye pikipiki akishika kiuno.

"Mama, hiyi pikipiki imenivunja. Kama hakuna pombe narudi!"

"Pombe iko, Muzee. Kwanza vuta kamba."

Shefu alikuja, na wale waliocheka walikuja pia. Mzee akapima kamba, pima tano za mikono yake, akafunga ncha moja kwenye figa. Kamba ikapanda juu ya ukuta, ikapita migomba, ikapita choo, ikaishia katikati ya banda la kuku.

"Chimba," mzee akasema.

Jirani akapiga kelele kwamba tunamfukuzia kuku. Shefu akamwamuru anyamaze. Jembe likagonga mawe, likaingia pembeni, likatoka na weusi. Makaa. Mzee akayasugua kiganjani, akamwonyesha kila mtu.

Shefu akatoa neno: aliyeusogeza ukuta aurudishe, yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Nilileta kigoda, nikakaa kando ya mafiga na sahani yangu ya maharagi. Jua lilikuwa kali. Yale mawe yanakata ngozi, mnayajua. Alibeba moja moja, na kila alipopita nilimtazama usoni. Mchana, midomo imemkauka, akasimama mbele yangu.

"Mama, nakuomba. Mayi kidogo."

Bido la maji lilikuwa nyuma yangu, limejaa.

"Hapa, Papa?" nikamwambia. "Hapa ni tupu. Upepo tu."

Akarudi kwenye mawe yake. Nami nikaendelea kuchagua maharagi.