Matofali Juu ya Kampala Kongwe

Sauti ya Shangazi Zubeda ilikuwa ikifika mahali kabla ya miguu yake. Tulikaa Nakivubo, katika kichochoro nyuma ya maduka, na asubuhi niliweza kuifuata safari yake yote nikiwa bado kitandani. Ilianzia kwa muuza mkaa, ambaye kila siku alimshutumu kwa kuumwagia mkaa maji ili uwe mzito. Ikavuka mtaro wenye harufu ya matope na maganda ya ndizi, ikasimama kwa fundi cherehani kumuulizia hali ya mguu wake, na mwishowe ikaingia dukani kwa baba, katikati ya magunia ya majani ya chai, iliki na bizari. Karibu hayo yote aliyasema kwa Kiswahili cha Mombasa. Alikuwa ameolewa huko akiwa msichana, akaishi miaka thelathini, akafiwa na mume, na vita vya 1986 vilipokwisha akarudi kwa kaka yake, yaani baba yangu, akiwa na sanduku moja la bati. Kiganda cha utotoni kilikuwa kimemtoka kama rangi inavyotoka kwenye kanga iliyofuliwa mara nyingi. Kilichobaki kilimtosha kununua ndizi na kugombana na muuza mkaa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sauti ile ilinitia aibu kuliko kitu chochote duniani. Anayesoma leo huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Siku zile kuta za mtaa wetu zilikuwa bado na matundu ya risasi, na watu walipokisikia Kiswahili hawakukumbuka mashairi wala harusi za pwani. Walikumbuka vizuizi vya barabarani, na amri za kulala chini, kutoa saa, kutoa viatu. Ilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Familia yetu iliizungumza tangu enzi za baba wa babu, aliyekuja na misafara kutoka pwani, lakini mama yangu alikuwa Mganda, na nje ya nyumba niliweza kupita kama Mganda mwingine yeyote. Basi nikapita. Shuleni hakuna aliyejua. Shangazi aliponiita njiani nilimjibu kwa Kiganda, au nilijifanya sikusikia. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, nami nilikuwa nimejiuza mwenyewe kwa bei ya kutochekwa.

Mwaka wa pili baada ya vita, wakati wa kiangazi, mwalimu wetu wa darasa la sita, Madamu Namusoke, alichoka na kitabu cha historia. Kilikuwa kimoja kwa darasa zima, na habari za Kampala Kongwe, kilima kilichotuinamia kila siku tukienda shule, zilimalizika kwa mistari minne: kwamba Waingereza walifika na msafara, wakapewa kilima, wakajenga ngome, wakapandisha bendera. Madamu alitaka tukipande wenyewe tukiwa na mtu anayejua zaidi ya mistari minne. Jumamosi moja alikuja dukani kwetu, asijue ni kwa mwanafunzi wake, kununua majani ya chai, akamkuta Shangazi akiwasimulia wateja wawili jinsi babu yake alivyoupanda mteremko ule na mzigo kichwani. Kabla chai haijafungwa kwenye karatasi, mambo yalikuwa yamekwisha. Shangazi ndiye angetuongoza.

Habari hiyo ililetwa mezani wakati wa chakula cha jioni, nami nikaisukuma sahani ya wali kando. Nilimsihi baba amzuie. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, akasema tu kwamba dada yake alikuwa hazuiliki tangu akiwa na umri wangu. Siku ya safari nikajifanya mgonjwa. Shangazi alikuja hadi kitandani, akaniwekea kiganja shavuni na kwenye paji la uso, akaninusa utosini, akaenda zake. Nikaamka mwenyewe.

Tulikutana chini ya kilima, upande wa Nakivubo, wanafunzi arobaini waliovaa sare zilizopauka. Shangazi alikuwa ametutangulia. Mbele yake palikuwa na rundo la matofali, na juu ya rundo kulikuwa na matambara yaliyosokotwa kuwa kata za kubebea mzigo kichwani. Matofali yalitoka katika stoo yetu ya nyuma iliyobomolewa vitani. Kwa Kiganda chake cha kuungaunga, akisaidiwa na mikono, alieleza kwamba mlinzi wa ngome kule juu alikuwa anaishi katika kibanda ambacho ukuta wake mmoja ulibomolewa na kombora, na tangu wakati huo ameuziba kwa gunia. Alikuwa ameomba sana aletewe matofali, lakini kila mwenye lori alikuwa na kazi kubwa zaidi mjini. Na kwa kuwa waliokipanda kilima kile zamani hawakukipanda mikono mitupu, sisi pia tungebeba. Tofali moja kwa kila kichwa. Madamu Namusoke alichukua lake. Wavulana wakacheka, wakainama, wakachukua.

Waliopanda Ruwenzori watanicheka nikikiita kilima kile mlima. Lakini Shangazi aliikataa barabara, akisema ilikuja baadaye, akatupeleka kwenye njia ya zamani iliyopanda wima kati ya vichaka, udongo mwekundu ukiteleza kama sabuni kavu. Kila hatua goti lilikaribia kidevu. Tofali ambalo pale chini lilikuwa mchezo likaanza kuzama shingoni. Jasho lilinuka vumbi la tofali, miiba ilivuta sketi, na mara kwa mara jiwe lilimponyoka mmoja wetu chini ya mguu, tukalisikia likigonga hadi chini kabisa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile hapakuwa na wa mwenzio, kila mtu alikuwa na wake na aliujua uzito wake. Shangazi, mwanamke mnene aliyepita miaka hamsini, alikuwa mbele na tofali lake, hajashika kwa mkono, na mgongo umenyooka kana kwamba anakwenda sokoni.

Katikati ya mteremko palikuwa na bamba la mwamba lililojitokeza, mahali pekee pa kusimama watu wengi. Hapo akatusimamisha, akaanza kusimulia. Alijitahidi kwa Kiganda. Alitaka kusema kwamba babu zetu walibeba mizigo, lakini neno likamgeuka mdomoni, ikawa babu zetu walipika mizigo. Darasa zima likaangua kicheko. Akajaribu tena, akaharibu zaidi, na kicheko kikazidi. Ndipo nilipokiona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Shangazi Zubeda alinyamaza. Alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamwambia Madamu kwa Kiswahili cha taratibu kwamba habari hii aliipokea kwa lugha hii, na akiitoa kwa nyingine itamwagika njiani. Madamu alielewa nusu. Akatugeukia akauliza kama yupo mwanafunzi anayejua Kiswahili.

Wenzangu wakatazamana. Nilisubiri Shangazi anitazame. Angeninyooshea kidole tu, yote yangekwisha. Lakini aliinamisha macho akautazama mwamba miguuni pake, na nikaelewa, kwa uchungu ambao bado naukumbuka, kwamba alifanya hivyo makusudi. Alikuwa anajua. Alijua kwa nini nilijibu kwa Kiganda njiani, alijua kwa nini niliugua asubuhi ile, na hata sasa, akichekwa na watoto arobaini, alikuwa ananifichia siri yangu.

"Mimi najua," nikasema. "Huyu ni shangazi yangu."

Nikasogea mbele na tofali langu kichwani, nikasimama kando yake. Akaanza, nami nikawa namfuata sentensi kwa sentensi. Babu yake, Mabruki, alikuwa mpagazi kutoka pwani. Alibeba sanduku la mbao lililopigiliwa misumari, miezi mingi, kupita nyika, mito na baridi ya milimani, na hakuambiwa ndani yake kuna nini. Alijiaminisha kwamba ni shanga. Siku waliyokipanda kilima hiki aliteleza karibu na mwamba huu, sanduku likapasuka, na risasi zikamwagika mteremkoni zikibiringika kama maharage. Aliambiwa aziokote zote. Aliokota hadi jua likaingia, akipiga magoti kwenye udongo huu, na kila aliyoiokota alikuwa anaielewa zaidi ile safari yake. Wenzake waliporudi pwani na msafara, yeye hakubeba tena mzigo wa mtu. Alibaki chini ya kilima, akauza chumvi, akaoa, na sisi ndio tuliotoka hapo.

Hapakuwa na kicheko tena. Kisha msichana mmoja, Nansubuga, ambaye nilikaa naye dawati moja, akasema kwa Kiganda, bila kupandisha sauti, "Mwambie shangazi yako kwamba waliomchukua baba yangu waliongea lugha hiyo."

Tulijua wote kwamba baba yake hakurudi. Nilisimama pale na maneno yake mdomoni, nikitamani kuyapunguza, kuyageuza yawe swali dogo la kawaida. Lakini nilikuwa nimetoka kusimulia habari ya mtu aliyebeba asichokijua, na mimi nilikijua nilichobeba. Nikayafikisha kama yalivyo.

Shangazi aliteremsha tofali lake akaliweka chini. Alimsogelea Nansubuga, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwambie nampa pole," akaniambia, bila kuacha kumtazama yeye. "Mwambie sina la kumrudishia. Lugha ni kama kichwa cha mpagazi, hubeba kile kinachowekwa juu yake. Waliweka risasi, ikabeba risasi. Leo tumeweka matofali."

Nikatafsiri neno kwa neno. Nilidhani Nansubuga atatua tofali na kurudi nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alilisawazisha kichwani, akauliza wapagazi walikuwa wanasemaje walipochoka. Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza tangu tusimame, akatufundisha wito ambao baba yake alimfundisha. Mmoja hutoa neno, wengine humalizia. Mzigo? Kichwani. Kilima? Miguuni. Macho? Juu.

Sehemu iliyobaki ndiyo iliyokuwa kali zaidi, na tuliipanda kwa wito ule. Vinywa vya Kiganda viliugeuza, kilima kikawa kirima, na Shangazi hakumsahihisha mtu. Nansubuga ndiye aliyekuwa akitoa neno, na sisi tulimalizia, pumzi zikikatika, tofali likidunda juu ya kata kwa kila hatua. Karibu na kilele njia iliisha kabisa, pakabaki ukingo wa udongo unaomeguka. Mvulana mrefu kuliko wote akapanda kwanza, akalala kifudifudi, nasi tukajipanga kama ngazi, tofali likapita mkono kwa mkono, kisha watoto, kisha Madamu Namusoke aliyepoteza kiatu kimoja, na mwisho Shangazi, ambaye alivutwa na watu sita huku akitoa maelekezo.

Juu upepo ulitupiga nyuso. Mbele yetu palikuwa na ngome, nyumba ndogo ya kuta nene zilizopakwa chokaa, ndogo mno kwa makelele yote iliyoyaleta. Lakini nyuma yetu ulikuwa mji. Hatukuwahi kuuona wote kwa pamoja. Kibuli na msikiti wake, Namirembe na Rubaga na makanisa yao, Nakasero, mabati ya Nakivubo yakimetameta chini kama samaki wadogo, na mbali kabisa mstari wa ziwa. Mlinzi alitoka kibandani, akatazama rundo likikua mbele ya gunia lake, akalihesabu kwa kidole. Matofali arobaini ya watoto, la mwalimu, la Shangazi, na hakuna lililovunjika. Alifungua mdomo kushukuru, na kwa kuwa yeye alitoka kaskazini na Kiganda hakukijua, shukrani zilimtoka kwa Kiswahili. Watoto wa darasa langu wakamwitikia kwa lugha ile ile: "Juu." Hawakujua jibu jingine. Tulicheka hadi tukakaa chini, na Nansubuga alicheka akiwa ameniegemea bega.

Wiki iliyofuata Madamu alinisimamisha mbele ya shule nzima niisimulie habari ya Mabruki, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiganda. Na jioni moja, katikati ya wauza nyanya wa Nakivubo, sauti ya Shangazi iliniita kutoka upande wa pili wa mtaro, nami nikaijibu kwa nguvu zangu zote, hata fundi cherehani akainua kichwa.

Miaka imepita mingi. Shangazi amezikwa, na baba pia. Juu ya Kampala Kongwe sasa pana msikiti mkubwa ambao mnara wake unaonekana kila upande wa mji, na vijana nadhifu huwaongoza wageni ngazi kwa ngazi hadi juu. Ile njia yetu imefunikwa na kuta. Nansubuga ana duka la vitambaa, na husafiri kwenda Mombasa kununua bidhaa. Kiswahili chake cha kupatana bei kinakishinda changu. Mimi nimehamia Kansanga, ambako majirani zetu ni Wakongo waliokimbia vita vyao. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Shuleni Kiswahili ni somo, na alasiri hukaa barazani na watoto wa majirani wakibishana kwa Kiswahili chao cha mashariki ya Kongo kilichochanganyika na Kiganda chake. Jana nilimsikia akimwita rafiki yake kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti iliyowafikia wapita njia wote. Hakutazama nyuma kuona nani anasikia. Mimi, kulipata hilo, ilinibidi nipande mlima.