Kambale Aliyenyang'anywa Maneno

Nilikisikia kabla ya kukiona. Nilikuwa kitandani na homa, dirisha limezibwa kwa kikwembe cha mama ili mwanga usiniumize macho, na kule nje kitu kikaanza kuguna. Kiliguna kama ng'ombe anayesukumwa apande behewa, kisha kikapiga mluzi mwembamba, kisha kikaguna tena palepale kilipoanzia. Nikadhani ni homa inayosema. Ndipo nikasikia kaka yangu akicheka uani, kile kicheko chake cha kazi iliyokubali, nikajua kwamba amejenga kitu.

Kaka, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wote wa tumbo moja, alikuwa seremala wa mabehewa katika karakana ya reli, hapa Kamina. Katika miaka ile ya tisini treni zilianza kuchelewa, kwanza kwa saa, baadaye kwa majuma, na mafundi wakabaki na mikono isiyojua pa kujiweka. Yeye aliokota ekseli ya kitoroli kibovu, akaisimamisha katikati ya uwanja wetu, akapachika juu yake mbao ndefu zilizotawanyika kama miale. Kwenye ncha ya kila ubao alikuwa amechonga mnyama wa kukalia: kiboko, kobe, korongo, mamba, na kambale mwenye sharubu za waya. Wote walikuwa wekundu, kwa sababu rangi ya reli ilikuwa nyekundu tu. Mguno ulikuwa wa beringi isiyopata grisi.

Homa iliponiachia alinibeba mgongoni mpaka uani, akanikalisha juu ya kambale.

"Mudogo," akaniambia, "banyama niko nabo. Maneno njo sina. Weye unasomaka mpaka karatasi ya sabuni. Bapatie maneno."

Maneno ndiyo aliyoyakosa, nami nikawapa wanyama wake. Nilikuwa msichana wa shule bado, na hiyo ndiyo hadithi ya kwanza niliyoitunga kwa ajili ya watu wengine. Lualaba imekauka, na wanyama wake wamepanda treni pale Bukama, mji wa kando ya mto huo, kwenda kutafuta maji. Kobe ndiye mkuu wa stesheni, anapuliza filimbi lakini mwenyewe hafiki kwa wakati. Kiboko anaona haya kwamba hajui kuogelea. Mamba anawauliza wote tiketi ili apate kuwasogelea. Kambale halii wala haogopi, kwa kuwa yeye hukaa hata pale samaki wengine wanapokufa. Kaka alisimama katikati, kando ya ekseli, akisimulia huku mbao zikizunguka, na hadithi ilipomfikia mnyama wako ulipaswa kujibu kwa sauti maneno yake. Ukisahau, ulishushwa. Maneno ya kambale yalikuwa haya: "Minyi napumuaka hata mu matope. Nani atanifukuza kwetu?"

Watu waliuita Muzunguko. Hatukutoza kitu. Kiingilio kilikuwa mabega yako, maana hapakuwa na injini: aliyepanda duru hii alisukuma duru inayofuata, awe mtoto, awe karani wa ofisi aliyetoka kanisani na tai shingoni. Hakuna aliyesamehewa. Nimewaona walimu wa shule ya Wamethodisti wakivua viatu ili wasukume vizuri.

Shabiki mkubwa kuliko wote hakuwa mtoto. Alikuwa mama mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema, aliyeuza samaki wa Bukama sokoni kwetu. Alikuja kila Jumapili alasiri, mtandio umefungwa vizuri, akakaa juu ya kambale bila kumwomba mtu ruhusa. "Huyu ni mali yangu," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kuliko chetu. "Mimi nawauza ndugu zake, lazima yeye nimheshimu."

Vita vya kwanza vya miaka ile vilipita mjini bila kusimama. Askari wa serikali waliokuwa wakikimbia walipita na magodoro ya watu vichwani. Mmoja alisimama uani kwetu, akaweka godoro chini, akapanda korongo. Kaka alisimulia. Yule askari akazungushwa, akashuka, akasukuma duru moja kama kanuni ilivyotaka, kisha akajitwika godoro lake akaondoka. Mpaka leo nikiulizwa hadithi inaweza kufanya nini, humkumbuka yeye, na huwa sina jibu jingine.

Vita vya pili ndivyo vilivyokaa. Watu walifika kutoka kaskazini kwa miguu, na mikeka na sufuria, wakalala madarasani. Jumapili walikuja uani. Nakumbuka mzee mmoja wao aliyeambiwa maneno ya kambale sikioni ili ayajibu wakati wake. Wakati ulipofika aliyasema, akayarudia, akayarudia tena hadithi ikiwa imeshapita mbele, na waliokuwa wakisukuma hawakusimama. Kaka naye hakumshusha. Siku ile nilielewa kwamba sentensi niliyoitunga kwa mchezo imepata wenyewe.

Pamoja na askari wa nchi nyingine, waliojaa mjini, alikuja bwana mmoja wa jenereta. Alijenga banda la mabati karibu na soko, akaweka televisheni na deki, akaonyesha filamu za watu wenye bunduki kubwa. Mimi sikuichukia sinema. Nilikwenda, nikapiga kelele kama wengine. Lakini nilimwona yule bwana akija kwetu Jumapili, akisimama nje ya ua wa matete, akitazama si wanyama bali watu, jinsi walivyokuwa wengi. Baada ya hapo alianza kumwita kaka bandani kwake. Kaka alirudi na sukari, sabuni, na makopo ya nyama ya askari, nasi tulikula.

Nikamuuliza mapema, kabla ya lolote. "Yaya, unataka kuuza Muzunguko?"

"Weye! Nani amesema?"

"Apa."

Alilamba kidole, akakipitisha shingoni, akakielekeza mbinguni. "Sinema haitagusa hii. Nife." Kisha akanifinya pua.

Kiboko ndiye aliyekuwa wa kwanza. Jumapili moja tulimkuta amepakwa miwani nyeusi. Mama wa samaki alimzunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Mwanangu, kiboko amevaa miwani ya nini? Anakwenda harusini?"

"Mama, ni ya filimu," kaka akasema. "Batoto ba leo banapenda filimu."

"Haoni maji, sasa haoni hata jua. Mmemwonea."

Watu wakacheka, na kaka akacheka nao, nasi tukadhani limekwisha. Halafu kobe akawa kifaru cha vita, filimbi yake imegeuzwa mzinga. Halafu korongo akapewa jina la shujaa wa kwenye filamu. Rangi ilikuwa mpya, ya kijani na nyeusi, na tulijua inatoka kwa nani. Mashabiki wa Muzunguko walianza kusimama vikundi vikundi baada ya ibada na baada ya soko, wakibishana kama watu wanaojadili mgonjwa. Wengine walisema ni rangi tu, maneno yamebaki. Mama wa samaki alisema mtu akibadilishiwa nguo kila siku, siku moja watamwita jina la nguo.

Na ikawa hivyo. Nilimkuta kaka akimpaka kambale mikanda ya risasi kifuani. Sharubu za waya zilikuwa chini, kwenye majani.

"Uliapa, Yaya."

"Ni kambale uleule, mudogo. Nimemupatia tu silaha. Hii ni vita."

"Kambale hana haja ya silaha. Njo maana yake."

Hakugeuka. Aliendelea kupaka, taratibu, kwa mkono wake mzuri uleule.

Tukaamua kukataa. Wazo lilikuwa langu, na lilionekana kamili kama hesabu: Muzunguko hauendi bila mabega yetu, basi tutayazuia mabega. Mama wa samaki aliwapitia watu wa soko, mimi nikawapitia watu wa reli na wale wa madarasani. Jumapili ilipofika, tulijaza viti vyote, waliobaki wakaketi chini kuzunguka uwanja. Hakuna aliyesimama kusukuma.

Kaka akaanza, "Lualaba imekauka..." Mbao hazikutikisika. Akatutazama mmoja mmoja, jasho likimtoka, na mimi nilimwonea huruma nikajua tumeshinda.

"Munakataa?"

"Futa bunduki kwanza!" mtu akapaza sauti.

"Rudishia kobe filimbi!"

Mama wa samaki, akiwa juu ya kambale, akasema kwa upole, "Mwanangu, osha huyu samaki. Tukusukumie mpaka jua litue."

Kaka alicheka. Si kile kicheko cha kazi iliyokubali. "Muzuri," akasema. "Kama hakuna mutu wa kusukuma, Muzunguko umekufa. Mashahidi njo ninyi."

Tulikuwa tumempa alichokikosa: kisingizio. Kesho yake vijana wa bwana wa jenereta walikuja na misumeno. Kumbe bandani walihitaji mabenchi, na mbao za mabehewa ya daraja la pili, kama hizo alizojengea Muzunguko, hazikupatikana popote mjini ila kwetu. Kila jirani aliyelalamika alijibiwa kwa maneno yetu wenyewe: mlikataa kusukuma. Tulikuwa tumezoea kuwa injini kiasi cha kusahau kwamba injini ikisimama, chuma chake huuzwa. Ekseli pekee ilibaki imesimama uwanjani, na kuku walikaa chini yake.

Nilimuuliza kaka jambo moja tu, akiwa anapiga pasi shati la kwenda bandani, ambako alikuwa amepewa kazi ya kutafsiri filamu kwa mdomo wakati zikionyeshwa.

"Na maneno yangu?"

"Hayo hayakatwi na msumeno," akasema. "Yako kwako."

Nilishika hilo. Niliamini kwamba amebakiza kitu kimoja kisichoguswa, na kwamba akibakiza hicho nitaweza kumsamehe mengine. Nilikuwa tayari kabisa. Nilikuwa nikitafuta tu siku.

Kisha mama wa samaki akaniita sokoni. Hakunitania, na hapo nikaogopa.

"Nenda bandani leo alasiri," akasema. "Ukae, usikilize. Mimi sitakuambia, utasema nimekusengenyea ndugu yako."

Nilikwenda. Banda lilikuwa na giza na joto la mabati, askari na vijana wamebanana. Nilipata nafasi kwenye benchi la ukutani, na vidole vyangu, chini ya kiti, vikagusa magamba yaliyochongwa ya mamba wetu. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, sauti yake nzuri ikipita juu ya maneno ya wageni. Kwenye kioo, mtu mwenye kifua wazi alikuwa ametumbukia kinamasini, akatoka na bunduki, akaanza kuwaua watu waliokuwa wakikimbia kuelekea vibanda vyao. Waliuawa mgongoni. Alipomaliza alisema kitu kifupi katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua.

Na kaka akasema kwa niaba yake, polepole, kama alivyofundishwa na mimi: "Minyi napumuaka hata mu matope. Nani atanifukuza kwetu?"

Banda likalipuka kwa shangwe. Askari walipiga mabenchi kwa viganja, wakayarudia maneno, wakacheka. Nilimtafuta yule mzee wa madarasani katika mawazo yangu, nikaona ni miongoni mwa waliokuwa wakikimbia.

Kaka aliniona. Mwanga wa televisheni ulikuwa usoni pangu. Akanitabasamia, kweli kabisa, kama mtu aliyeniletea zawadi, akainua kipaza sauti kidogo kunionyesha: unasikia wanavyopenda?

Nilisimama. Nilikanyaga miguu ya watu, wakanitukana. Mtu wa mlangoni alinizuia kwa mkono, mlango umefunguka nusu, jua limekata kioo katikati na watu wameanza kuzomea.

"Weye mutoto, unaharibu picha! Ingia ao toka!"

"Natoka," nikasema.

Nyuma yangu kaka alikuwa amekwisha kuanza sentensi nyingine. Mtu yule akanisogeza nje kwa bega, akavuta mlango wa bati, akaufunga kwa komeo.