Kamba Laini kwa Bibi Asiye na Meno

Chenga za mahindi zikikaribia kuiva hazichemki, zinatema. Pwo. Kimya. Pwo tena. Halafu kimya kirefu cha kukuhadaa usogee, uinamishe uso kuchungulia, ndipo zikurukie. Anayezijua husimama mbali, mkono kaunyoosha, mwiko mrefu. Mimi nazijua. Nna alama nyeupe juu ya kifundo cha mkono wa kulia, ndogo kama tembe ya dawa, na nikiisikia ile pwo mkono unajirudisha wenyewe.

Juzi nilizibandika kwa hasira. Nikikasirika napika, bora mwiko uwe kwenye sufuria kuliko mahali pengine. Sababu ni binti yangu Asiya, miaka saba, meno mawili ya mbele hana. Alichora kipepeo kwa kalamu ya wino kwenye kochi jipya. Kipepeo mzima, na masharubu. Nilipouliza nani kafanya hivi, hakupepesa macho. Alimnyooshea kidole Rehema, dada anayetusaidia kazi. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, kaacha watoto wawili kwao Tanga, leo achore kipepeo kwenye kochi! Ningecheka. Lakini Rehema hakusema "si mimi." Alitazama sakafu, kisha akaenda kutafuta kitambaa na sabuni.

Kimya kile ndicho kilichonichoma. Nilishawahi kukisikia. Nilikuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Ghubra, Maskati, na aliyekisababisha nilikuwa mimi.

Mama alikuwa kajifungua mdogo wangu Salim, yumo katika arobaini yake: hagusi maji baridi, hapiki, hatoki chumbani, anatoa amri kupitia mlango. Baba anashinda wizarani. Na Bibi, mama yake baba, alikuwa ametoka kung'olewa meno yote yaliyobaki. Meno ya bandia yalikuwa yakitengenezwa, na kwa wiki mbili alikuwa akinywa supu huku akiitukana. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Maskati mtu mzima, lakini kinywa chake hakikuhama naye. Vyakula vya hapa alivila kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumuudhi mwenyeji.

Ndipo akaja Eliza. Alitoka Singida, ndani ndani huko ambako bahari ni neno tu. Ofisi iliyomleta ilitupa miezi mitatu ya kumjaribu. Asipofaa anarudishwa, kama fulana iliyokubana. Watu wazima walilisema hilo mbele yake, naye anamimina chai, na mimi sikuona tatizo lolote. Siku ya kwanza nilimwonyesha choo kilipo, kiyoyozi kinavyozimwa, na kabati la biskuti. Aliniita Suraya, kwa sababu ile "th" ya Thuraya ilimshinda. Sikumsahihisha. Nililiona jina zuri zaidi kuliko langu.

Alikuwa na begi moja tu. Ndani yake, chini ya nguo, kulikuwa na kifuko cha kitambaa alichofungiwa na mama yake: chenga, mahindi yaliyotwangwa yakavunjika, si punje wala si unga.

"Mama alisema nchi ya watu, huwezi jua wanakula nini," aliniambia, akakirudisha kifuko chini ya nguo kama mtu anayeficha dhahabu.

Jumatano moja Bibi alichoka na supu. Kwenye friza kulikuwa na kamba, wale wa baharini, wenye ndevu na macho meusi. Bibi akapaza sauti kutoka chumbani kwake:

"Eliza! Nchemshie kamba, mwanangu. Laini laini, sina meno mie!"

"Sawa, Bibi!"

Nyinyi mliokulia pwani mmeshaiona sahani. Eliza hakuona sahani. Kwao kamba ni ya kufungia ng'ombe, na wale wadudu wa kwenye friza hakuna aliyemwambia wanaitwaje. Tena wiki nzima nyumba yetu ilikuwa ikizozana juu ya pembea: Bibi anataka Salim afungiwe pembea ya kanga na kamba chumbani kwake, mama hataki kusikia. Basi Eliza akajumlisha mambo yake vizuri. Akaenda stoo, akachukua kamba mpya ya katani ambayo baba aliinunua mtaa wa Ghala kufungia makabati juu ya pikapu, akaizungusha ndani ya sufuria kubwa, akamimina maji, akawasha jiko.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya meza ya jikoni natikisa miguu. Niliona yote. Nilijua kabisa Bibi anataka nini. Eliza akanigeukia, uso umejaa wasiwasi wa mtu anayetaka sana kupatia.

"Suraya, hii itamtosha Bibi?"

Nikasema, "Ongeza."

Nikisema sijui kwa nini, nitakuwa naongopa. Nilitaka kuona itakuwaje.

Akaongeza. Ilichemka saa nzima, nyumba ikanuka gunia lililonyeshewa, na mimi nikawa naingia chooni kucheka na kutoka. Adhuhuri akampelekea Bibi bakuli lenye mvuke. Bibi alikuwa ameshakaa kitandani, kitambaa kifuani, kijiko mkononi. Akaitazama. Akaibonyeza kwa kijiko, hapa na pale.

"Eliza, mwanangu. Hii nini?"

"Kamba, Bibi. Imelainika kabisa. Hata ukifunga fundo utalifungua kwa vidole, hutahitaji meno."

Mama alisikia. Alitoka chumbani bila kukumbuka arobaini yake, akatazama bakuli, na nyumba ikawaka.

"Anatufanyia masihara! Mgonjwa kaomba chakula, anampa kamba? Anataka ajinyonge? Leo kachemsha kamba, kesho atanichemshia mtoto! Jumamosi ofisi wakifungua anarudi. Khalas!"

Bibi alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Eliza alisimama mlangoni. Alinitazama mara moja, mara moja tu, na wala haikuwa kwa hasira. Kisha akatazama sakafu. Alikuwa na maneno machache ya kumwokoa: nilimuuliza mtoto wako, akaniambia niongeze. Hakuyasema.

"Samahani, Mama," alisema, akachukua bakuli.

Alhamisi asubuhi, enzi zile ikiwa wikendi hapa, nilipita mlangoni kwake. Begi lilikuwa limefungwa, limeegemezwa ukutani, siku mbili kabla. Kitandani alikuwa amekunja hata shuka. Alikuwa ameniambia kwamba wadogo zake wawili walirudi shule kwa ajili ya safari ile, na wakati ananiambia nilikuwa nakula biskuti na sikusikiliza sana. Pale mlangoni maneno yale yakanirudia.

Nikaenda kwa Bibi. Nilitaka kusema yote, ikatoka nusu. Nilimwambia kwamba Eliza ana kifuko cha chenga, na kwamba zikipikwa zinakuwa laini. Hiyo ndiyo toba yangu ya kwanza, ya chakula tu.

Baba aliporudi kutoka soko la samaki la Matrah na kamba wabichi, Bibi aliingia jikoni na fimbo yake, kwa mara ya kwanza tangu ang'olewe meno, akavuta kiti katikati ya njia.

"Eliza, njoo nkuonyeshe kamba wangu mimi. Na ulete hicho kifuko chako."

"Bibi, zile ni chenga tu. Chakula cha kishamba."

"Na hizi fizi ni za wapi? Lete."

Nakumbuka kila kitu cha asubuhi ile. Eliza aliosha chenga maji matatu, makapi yakaelea, akayamwaga kwa kuinamisha sufuria polepole. Maganda ya kamba hayakutupwa. Bibi aliyataka yakaangwe na vitunguu thomu mpaka yawe mekundu, yachemshwe, maji yake ndiyo yapikie chenga. Eliza aliposhika kamba wa kwanza kwa ncha za vidole alimwomba Yesu kwa sauti. Bibi akamwambia, "Mwite, lakini usimwachie huyo kamba," akamfundisha kuvuta ule uzi mweusi mgongoni. Kisha tui, bizari, ndimu, pilipili moja nzima ya kunukia tu.

"Mtazame anavyojikunja," Bibi alisema. "Akiwa ndoana, epua. Akiwa pete, mtupie paka."

Chenga zilikuwa zimeanza kuwa nzito. Pwo. Mimi nilipewa mwiko. Bibi akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Kwani Eliza, jana hukuuliza mtu?"

Eliza aliendelea kumenya. Kimya kile kile. Nikainama kwenye sufuria nijifiche, na hapo hapo chenga zikatema, tonge la moto likatua mkononi mwangu. Nilipiga ukelele, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, yote yakatoka.

"Aliniuliza mimi! Nilimwambia aongeze!"

Mpaka leo sijui kilio kile kilikuwa cha moto au cha aibu. Eliza alishanifikia, ameushika mkono wangu chini ya bomba, anaupuliza. Bibi hakuinuka.

"Nenda kamwambie mamako."

"Mkono unaniuma, Bibi!"

"Kwani utasemea mkono?"

Nilikwenda. Mama alikuwa ananyonyesha, na hilo ndilo lililoniokoa na kofi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Ulicheka?" Nikasema nilicheka. Akamlaza Salim, akajifunga mtandio, akaenda jikoni, nami nyuma yake.

"Eliza, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini, Mama?"

Mama alisimama pale akitazama begi lililoonekana kupitia mlango wazi. Kisha akachukua kijiko, akachota chenga pembeni mwa sufuria, akachota kamba mmoja, akala amesimama, jambo ambalo sisi tulikuwa tukigombezwa kwalo. Akachota tena.

"Ongeza," alisema. "Na mimi nile."

Eliza alishtuka kusikia lile neno. Halafu Bibi akaangua kicheko, fizi zote nje, kitambaa kikaanguka, na ndipo nikajua jana hakuwa analia. Alikula bakuli mbili. Jumamosi ofisi wakafungua, hakuna aliyekwenda. Eliza alikaa nasi miaka kumi na moja, na kila akirudi kutoka likizo begi lilikuwa na kifuko.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwenye shughuli zetu, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi ndiye niliyekuwa shujaa mwishoni, mtoto aliyekiri. Na nilikuwa nikimalizia kwa kusema Eliza alininyamazia kwa mapenzi, alinisitiri. Kila mtu alisema mashaallah.

Nilipozaa, na miaka kadhaa baadaye nikamleta Rehema nyumbani kwangu, nilimpigia Eliza simu Singida, nikamuuliza waziwazi. Alicheka kwanza.

"Suraya, mdogo wangu. Ningesema ni mtoto, nani angeniamini? Ningefukuzwa siku ile ile, sio Jumamosi." Akaongeza: "Na pia ulinionyesha kabati la biskuti."

Basi kimya kile kilikuwa na mapenzi ndani, lakini juu yake kulikuwa na woga, na mimi nilikuwa nimeula woga wa mtu miaka yote ile nikidhani ni asali. Utotoni nilielewa kwamba neno moja linaweza kuwa na maana mbili. Kwamba hata kimya kina maana mbili, hilo nimelijua ukubwani.

Ndiyo maana juzi nilikasirika vile. Kipepeo atatoka kwa sabuni. Nilijikasirikia mimi, niliyeapa kwamba nyumba yangu haitakuwa na majaribio ya miezi mitatu, wala kumsema mtu mbele yake, na bado Rehema alinyooshewa kidole na akatazama sakafu. Maana yake hajui kama nitamwamini. Miaka miwili tunakula pamoja na hajui. Hilo si kosa la mtoto wa miaka saba.

Nikamwita Rehema jikoni, Asiya akiwepo. Nikasema, "Najua si wewe. Nilijua toka mwanzo, nami nilipaswa kusema pale pale. Unisamehe." Rehema akasema, "Hamna shida, dada," kwa ile sauti ya watu wanaosema hamna shida. Haikutosha, nilijua. Nikampa Asiya kigoda na bakuli la kamba, nikamwambia kwamba Dada Rehema atamfundisha kumenya. Kuhusu kochi sikumuuliza tena. Nilianza tu kuwasimulia habari za bibi asiye na meno na dada aliyechemsha kamba ya katani. Rehema alicheka mpaka akaegemea friji. Asiya alicheka pia, pengo lote nje, mpaka nilipofika kwenye lile neno. Ongeza. Hapo akaacha kucheka.

Aliuma mdomo. Alimenya kamba wa nne, vibaya, nusu ya nyama ikabaki kwenye ganda. Kamba wa tano akamrudisha kwenye bakuli, akavuta ncha ya kanga ya Rehema.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "yule kipepeo..."

Nikapunguza moto, chenga zinyamaze, tusikie.