Karatasi ya Mzee Emil

Ardis Brekke alisimamia uchaguzi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyejua anampigia nani kura. Marehemu mumewe alimbembeleza, akamtania, hata akamnunia wiki nzima. Wapi! Aliingia kaburini hajui. Mtu wa namna hiyo ndiye waliyekuja kumwita mwizi.

Kituo cha kata ya Vesterdal, kaskazini mwa Wisconsin, ni ukumbi wa chumba kimoja wenye meza za kukunja. Sheria inataka kila chama kilete mtu wake, kwa hiyo Ardis alikaa upande huu na Glen Pruski upande ule, na miaka yote ugomvi wao mkubwa ulikuwa chumvi ya supu ya mchana. Mgonjwa asiyeweza kushuka garini hupelekewa karatasi ya kura hukohuko nje, na sheria hiyohiyo inasema waende wasimamizi wawili, mmoja wa kila chama. Lakini jamani, Vesterdal nani alikuwa akienda wawili? Mzee aliyekufundisha kuendesha trekta yuko pale garini anatetemeka kwa baridi, nawe umwendee na shahidi? Walikuwa wanaona haya. Anayejisikia anachomoka, anarudi, basi.

Siku ile theluji ilikuwa inaanguka na foleni imefika mlangoni. Ardis akachungulia dirishani.

"Glen, Mzee Emil yuko nje na binti yake."

"Nenda tu, mama. Mimi hapa nimebanwa, hata pumzi sipati."

Akaenda. Mzee Emil Zastrow, miaka tisini na moja, miguu imekwisha, alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Umekawia, Ardis! Nilidhani nitakufa kabla sijampigia yule mjinga wangu."

"Usiniambie ni nani, Mzee. Weka alama yako, ukunje, nirudi ndani kabla masikio hayajang'oka."

Akaweka alama, akakunja, akamkabidhi. Ardis akaingia nayo ndani, akaitia kwenye mashine mbele ya watu wote. Ng'ambo ya barabara palikuwa na pikapu imeegeshwa, na ndani yake mtu ameinua simu. Ardis hata hakumwona.

Kip Lindauer, aliyekuwa anagombea ubunge wa jimbo, akashindwa kwa kura kumi na moja. Siku tatu baadaye ile video ilikuwa kwenye kila simu. Mwanamke mwenye mvi, peke yake, anatoka kwenye gari na karatasi mkononi, anaingia ukumbini. Chini yake maneno: Mama huyu amebeba nini? Lindauer mwenyewe akaionyesha mkutanoni, watu wakazomea kana kwamba wanamjua.

Yakafuata ya kufuata. Simu za matusi kutoka majimbo ambayo Ardis hajawahi kuyakanyaga. Sanduku lake la barua likagongwa na gari usiku, asubuhi akalikuta mtaroni. Dukani watu waliomfahamu tangu ubatizo wakawa wanakagua viazi kwa bidii wakimwona anapita. Hayo aliyabeba. Asiloweza kubeba ni ujumbe wa mdogo wake Orrin. Alimtumia ile video na maneno mawili tu: "Ni wewe?"

Orrin alikuwa na miaka minane mama yao alipofariki, Ardis kumi na minne. Yeye ndiye aliyemfulia, akamnyoa, akakesha naye kwenye homa zake. Sasa anamuuliza kama ni yeye. Ardis alilia jikoni kwake, sufuria ikaungua asiione.

"Wakihesabu kura upya ataona," alimwambia Glen. "Orrin ni mtu wa hesabu. Akiona kwa macho yake, yataisha."

Zikahesabiwa upya, kwa mkono, karatasi moja moja, katika ukumbi wa michezo wa shule mjini. Orrin alikaa safu ya pili, kofia magotini. Vesterdal ilipofikiwa, saini za wapiga kura kitabuni zikalingana na karatasi, na karatasi zikalingana na mashine. Haikupungua hata moja, haikuzidi hata moja. Mzee Emil naye alikuwa amesukumwa mpaka pale kwenye kiti chake cha magurudumu, akapiga kelele:

"Mimi nilimpigia Lindauer! Kura mnayoililia ni yake, wapumbavu nyie!"

Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni. Ardis akageuka kumtafuta mdogo wake. Orrin hakuwa anacheka.

Baadaye, kwenye korido ya kwenda msalani, Ardis akakutana na Lindauer uso kwa uso. Hakukuwa na mtu mwingine. Yule bwana akatabasamu, akamshika bega.

"Mama, usiweke moyoni. Najua hukufanya kitu. Video ilitokea wakati mzuri tu. Siasa ndiyo hiyo."

Akanyoosha mkono, na Ardis akaupokea! Mazoea ya malezi mema, laana tupu. Nusu saa baadaye bwana huyohuyo alikuwa ngazini, mbele ya vipaza sauti, anaapa kwamba wezi wa kura watajulikana. Na wale walioshinda nao hawakuwa na aibu zaidi. Walimpigia simu wakimtaka apande jukwaani aitwe shujaa. Ardis akawakatia. Alijua wanatafuta bango, hawamtafuti yeye.

Kila Desemba, msimu wa kuwinda ukiisha, Ardis na Orrin hutengeneza soseji za nyama ya mbawala kwenye gereji ya Orrin. Orrin anasaga, Ardis anatia viungo. Mwaka huo Orrin hakumwita. Jumamosi asubuhi akaenda mwenyewe, na aproni yake mkononi. Orrin alikuwa peke yake mbele ya mashine ya kusagia.

"Dada."

"Hukuniita."

"Nilijua una mambo mengi."

"Mambo gani, Orrin? Tangu lini?" Hakutaka kuzunguka. "Si ulikuwepo kwenye kuhesabu? Si uliona?"

"Niliona karatasi. Nani alikaa nazo wiki mbili?"

"Na Mzee Emil?"

"Mzee anajua alichoandika. Kilichoingia kwenye mashine hakukiona."

Ardis akamsogelea. "Lindauer mwenyewe ameniambia, kwa kinywa chake. Ati najua hukufanya kitu, siasa ndiyo hiyo."

Orrin akazima mashine. "Lindauer amekwambia hivyo? Nani alisikia?"

"Hakukuwa na mtu. Mimi na yeye."

"Peke yako tena, dada?"

Ardis akaishia kusema, "Mimi nimekulea, Orrin."

"Unadhani sijui?" Alikuwa anafuta mikono kwa tambara, anafuta, anafuta. "Unadhani nalala? Kiwanda chetu cha karatasi kilipofungwa walikuja wa vyama vyote, wakasimama palepale getini, wakasema kitafunguliwa. Miaka kumi na miwili sasa. Kila nilipoamini nilichezewa. Nimejiapiza siamini tena mtu yeyote anayegusa mambo yao. Na wewe unayagusa. Nifanyeje?"

"Uniamini mimi."

"Siwezi," Orrin akasema, na alikuwa analia kweli. "Nataka, lakini siwezi."

Ardis akarudi nyumbani na aproni yake. Barua ya kumwomba asimamie miaka mingine miwili ilipokuja, aliirudisha na neno moja: hapana. Kwenye uchaguzi wa mitaa wa Aprili, kwa mara ya kwanza tangu afikishe umri wa kupiga kura, hakupiga. Alikaa jikoni akiangalia magari yakielekea ukumbini.

Kesho yake asubuhi Glen akampigia.

"Unajua chama chako kimeleta nani kwenye kiti chako? Orrin. Alijiandikisha mwenyewe."

Ardis akavuta kiti akakaa. "Akafanyaje?"

"Mtu makini, usipime. Mgonjwa alipokuja na gari tulitoka wawili, na theluji yote ile. Jioni akahesabu mara mbili, ikalingana. Kisha akaniambia, 'Leo hapa hakukuwa na mwizi.'"

"Alisema hivyo?" Ardis aliinuka, mkono kifuani. "Glen, alisema hivyo kweli?"

Glen alisikika kama anatamani asingepiga simu.

"Nikamwambia, Orrin, hata siku ile hakukuwa. Akaniambia, 'Siku ile mimi sikuwepo.'"

Ardis akamshukuru, akamuulizia hali ya mkewe, kisha akakata simu.